Hukwe Zawose: ukiambiwa uchague wimbo wake mmoja tu, utachagua upi?

Mbukwenyi wadau!

Kwa wale wa pwani, wa Kanda ya Ziwa na wa kwingineko, hiyo ndiyo salamu ya nyumbani kwetu Dodoma, na leo nimeanza nayo makusudi kabisa. Juzi tulikuwa kijiweni, washkaji watano, tunasubiri jua lipungue. Maneno yakaanza kama kawaida, nani mkali, nani kachuja, nani alikuwa mkali kabla hajapata hela. Mmoja akatupa swali: "Haya nyie watu wa Dodoma, mwanamuziki wenu aliyezunguka dunia kuliko wote ni nani, na wimbo wake mkali kuliko yote ni upi?"

Jina lilitoka bila ubishi: Hukwe Zawose. Kazi ilikuja kwenye wimbo. Wa kwanza akataja "Kuna Kunguni", tukacheka wote. Wa pili akasema yeye anachagua albamu nzima ya Chibite, tukamwambia swali ni wimbo mmoja bwana, acha ujanja. Wa tatu akakiri anamjua mzee kwa picha tu, ile ya zeze kubwa na manyoya kichwani. Mimi ambaye ni Mgogo wa baba na mama nikabaki natafuta jibu kama mtu aliyeulizwa jina la shemeji yake akalisahau. Aibu tupu!

Basi nimekaa, nimesikiliza, nimeuliza wakubwa, na haya ndiyo niliyoyakusanya. Kama humjui kabisa, anza hapa. Kama unamjua, shuka moja kwa moja kwenye kambi za mashabiki, maana huko ndiko kwenye ugomvi.

HUYU MZEE NI NANI?

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, mkoa wa Dodoma. Mwaka wa kuzaliwa wengine wanaandika 1938, wengine 1940, jambo la kawaida kwa watu wa umri ule ambao siku zao zilihesabiwa kwa njaa na mavuno. Alikulia kwenye Ugogo wa ng'ombe, mtama, uwele na mlenda, nchi kavu yenye mibuyu na msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kuisha karibu na Aprili. Mvua ikikataa, mwaka mzima umekataa.

Sasa rudini nyuma hadi Desemba 1962. Tanganyika imekuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere anahutubia kama Rais kwa mara ya kwanza, na anatangaza kuunda wizara ya utamaduni. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana wengi tulijua kucheza rumba, chachacha na twist, lakini ngoma za kwetu hata majina yake wengine hawakuyajua. Miaka ile ya 1960 likaundwa kundi la Ngoma ya Taifa, likikusanya mafundi wa makabila mbalimbali. Zawose alikuwa mmoja wa walioitwa Dar es Salaam kwa mwaliko wa Mwalimu mwenyewe. Hebu fikiria, kijana wa Doduma aliyezoea kuimba kwenye uwanja wa nyumbani sasa anaimba mbele ya wageni wa serikali!

Baadaye kundi lile likavunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Zawose akahamia huko, akafundisha, akajenga, akazaa na kulea familia ambayo karibu kila mtoto ana chombo mkononi. Ndiyo maana wengine wanadhani Zawose ni watu wa Bagamoyo. Hapana jamani. Bagamoyo ni makazi, asili ni huku kwetu juu. Alifariki hukohuko Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

VYOMBO VYAKE, MAANA BILA HIVYO HUELEWI NYIMBO

Ukitaka kumchambua Zawose lazima ujue alikuwa anapiga nini.

Zeze. Kwa Kigogo ni izeze. Lina kasha lililowambwa ngozi, mti mrefu, nyuzi, na linapigwa kwa upinde mdogo wenye uzi, kama fidla. Zeze la kawaida kijijini lina nyuzi chache tu, moja au mbili. Zawose alikuwa na makubwa yenye nyuzi nyingi, na sauti yake ni nene, inakwaruza kidogo, kama mtu mzima anayeongea baada ya kulia.

Marimba. Kwa Kigogo ni ilimba. Hapa usichanganye na yale marimba ya vipande vya mbao yanayogongwa kwa vijiti. Haya ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyobanwa juu yake, na unavibonyeza kwa vidole gumba. Kuna mambo mawili ya ajabu. Kwanza, siyo vyuma vyote vinapigwa. Vingine vipo kwa ajili ya kuitikia tu: ukibonyeza chuma hiki, kile jirani yake kinatetemeka chenyewe. Pili, sanduku lina tundu lililofunikwa na utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mlio wa kuzizima kama nyuki. Watu wengine wakisikia mlio ule wanadhani spika imechanika. Haijachanika, ndivyo inavyotakiwa!

Ongezea hapo filimbi, njuga za miguuni, na ngoma za mheme ambazo kwa Wagogo ni mali ya akina mama, wanazibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono. Ukiona kundi la akina mama wa Kigogo wanapiga mheme huku wanazirusha na kuzidaka, utasahau ulikuwa unaenda wapi.

Halafu kuna sauti yenyewe. Zawose aliweza kushuka chini kabisa hadi koo linanguruma, dakika hiyohiyo akapanda juu kama mtoto. Na noti za Kigogo haziendi sawasawa na kinanda cha kanisani. Chukua uzi mmoja, ufunge kwenye upinde, weka kibuyu, ugonge. Utasikia sauti moja nene, lakini ukitega sikio vizuri utasikia ndani yake sauti nyingine nyembamba zimejificha, kwa sababu uzi ule unatetemeka mzima mzima na pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya sauti hizo zilizojificha. Ndiyo maana ukijaribu kuufuatisha wimbo wa Zawose kwa kinanda, kuna noti inakataa. Hajakosea mzee, kinanda chako ndicho hakina noti hiyo.

KAZI ZAKE KWA MPANGILIO

Hizi ndizo zinazotajwa sana na mashabiki:

Tanzania Yetu (1985). Ilitolewa Uingereza na kampuni ndogo ya Triple Earth. Zawose hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama. Kumbukeni majina hayo mawili, nitarudi kwenye jambo hilo.

Mateso (1987). Kampuni ileile, mafundi walewale. Wakongwe wengi wanaapa kwa hii.

Wajapani nao walimpenda. Kampuni ya JVC ilitoa rekodi zake, kwa hiyo Tokyo kuna watu waliolijua zeze la Kigogo kabla ya jirani yako wa Uhindini hapa mjini.

Chibite (1996). Ilitoka Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel. Neno chibite kwa Kigogo ni "twende". Humo ndimo kuna "Sisitizo la Amani Duniani".

Mkuki wa Rocho. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tafsiri ya jina ni mkuki wa roho, na kweli unachoma.

Assembly (2002). Hii alifanya na Michael Brook, prodyuza na mpiga gitaa kutoka Canada. Sauti na vyombo vya Zawose vikachanganywa na gitaa, besi na midundo ya studio. "Kuna Kunguni" iko humu.

Mwaka huohuo wa 2002 Hukwe na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, waliongozana na Peter Gabriel kwenye ziara ya Amerika Kaskazini, wakitumbuiza kwenye kumbi kubwa zile za mpira wa kikapu. Mwaka mmoja baadaye Hukwe hakuwepo tena, na 2004 Charles naye akafariki.

Sasa angalieni orodha hiyo vizuri. Uingereza, Japan, Uingereza tena. Mimi nimekulia hapa mjini na sikuwahi kuona kanda yake hata moja ikiuzwa kwenye meza za kanda sokoni, ingawa za bendi za Dar na za Kongo zilijaa tele. Nyimbo za mzee zimetoka Ugogo, zikapanda ndege, zikarudi kwetu kupitia kwenye kompyuta ya kafe. Hilo peke yake linaeleza kwa nini Mgogo anaulizwa swali kuhusu Zawose anabaki anakuna kichwa.

Wapo watakaosema, kaka mbona umemsahau Patrick Balisidya? Sijamsahau. Balisidya naye ni mtu wa Dodoma, mtunzi na mwimbaji wa Afro 70, na "Harusi" yake bado inasikika ukumbini mpaka leo. Lakini yeye alichukua gitaa, akaimba Kiswahili cha dansi, na nyimbo zake zilichezwa redioni, kwa hiyo kuchagua wimbo wa Balisidya ni rahisi, kila mtu ana wake. Zawose alibaki na zeze. Ugumu uko hapo, ndiyo maana leo nimemchagua yeye.

KAMBI TATU ZA MASHABIKI

Kadiri ninavyowasikia watu wakibishana, naona wamegawanyika kambi tatu.

Kambi ya kwanza ni ya "mbichi". Hawa ni wa Mateso na Chibite. Wanataka zeze, marimba na koo la mzee, basi. Hoja yao ni kwamba muziki ule tayari umejaa, hauna nafasi ya kuongezewa kitu. Ukiweka besi chini yake umefunika zile sauti nyembamba zilizojificha kwenye uzi, na hizo ndizo utamu wenyewe. Wengi wa kambi hii ni watu wazima, walimu wa muziki, na wazungu (msinicheke, ndiyo hali halisi).

Kambi ya pili ni ya Assembly. Hawa ni vijana wenzangu. Wanasema mbona Bongo Fleva tunachukua midundo ya Marekani na hakuna anayelalamika, kwa nini zeze likikutana na gitaa iwe nongwa? "Kuna Kunguni" ndiyo bendera yao. Kwanza jina lenyewe: hakuna Mtanzania aliyewahi kulala kitanda cha kamba au kwenye gesti ya bei poa ambaye halimgusi. Wanasema mzee alikuwa mcheshi, na wanaomfanya awe kitu cha makumbusho wanamuua mara ya pili. Hoja yao nyingine nzito ni kwamba yeye mwenyewe alikubali, aliingia studio kwa miguu yake, hakulazimishwa.

Kambi ya tatu ni ndogo na ina maringo kuliko zote. Ni wale waliomwona kwa macho. Kwenye Tamasha la Bagamoyo, kwenye sherehe za serikali, au nyumbani kwake. Hawa ukiwauliza wimbo wanakujibu: "Zile CD siyo yeye." Wanakwambia mzee alikuwa anaurefusha wimbo akiona watu wamenoga, anaufupisha akiona wamechoka, anaingiza jina la mgeni aliyekaa mbele, anatania, anacheza, njuga zinalia. Wimbo uleule leo dakika tano, kesho robo saa. Sasa wewe utachagua upi hapo?

Mwanzoni niliwaona hawa wa tatu kama watu wa majigambo tu. Nikaamua niko kambi ya kwanza, nikajiandaa kuja hapa kuandika kwamba wimbo bora ni "Sisitizo la Amani Duniani", nimalize kazi. Ndipo nikaenda kumsalimia bibi.

BIBI AKANIHARIBIA HOJA YANGU

Bibi yangu yuko upande wa Bahi. Hana habari na Peter Gabriel. Jina la Zawose analijua, anasema "wale wa marimba". Nikatoa simu, nikamwekea Chibite, nikamshikisha mkononi, nikakaa pembeni nasubiri kuona machozi ya furaha kama kwenye sinema.

Wapi! Bibi alisikiliza wimbo wa kwanza kimya, uso umekunjamana. Wa pili vilevile. Nikamuuliza, "Bibi, vipi, huupendi?" Akanijibu, "Anaimba vizuri sana. Lakini mbona wamemwacha peke yake? Wenzake wako wapi?"

Nikamweleza kwamba hii ni albamu, mwimbaji mkuu ni yeye, wengine wapo kidogo nyuma. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi mtu anayekula ugali bila mboga. Wimbo mwingine ukaanza, wa Kigogo. Mzee akatupa mstari. Na bibi, simu imo mkononi, akaitikia. Mzee akatupa mwingine. Bibi akaitikia tena, safari hii kwa sauti, na mkono ule mwingine ukaanza kupiga ndoo ya maji iliyokuwa hapo mbele yake, mdundo wa mheme kabisa. Mama mmoja jirani akapita na kuni kichwani, akasimama, akaitikia naye, kisha akaendelea na safari yake. Wimbo ulipoisha bibi akanirudishia simu akasema, "Sasa ndiyo umekamilika."

Sikuwa na la kusema. Nimesikiliza albamu ile mara nyingi kwenye hedifoni, masikio yote mawili yamezibwa, na sikuwahi kujua kwamba ina nafasi zilizoachwa wazi kwa ajili yangu.

WIMBO WA KIGOGO NI WA WANGAPI?

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa vizuri. Ukienda kwenye ngoma za Wagogo, msunyunho, nindo, saigwa, mheme, hukuti mtu mmoja anaimba na wengine wanatazama. Kuna anayeanzisha na kuna wanaoitikia, na wanaoitikia hawarudii maneno tu. Kila kundi lina sauti yake, wanaume chini, wanawake juu, zinapishana na kugongana mpaka huwezi kusema wimbo wenyewe ni upi kati ya hizo. Ni kama yale marimba niliyoyaeleza. Kuna vyuma vinavyopigwa na kuna vyuma vya kuitikia. Ukiving'oa vya kuitikia, marimba bado yatalia, lakini yatalia kikavu.

Zawose alijua hilo kuliko sisi wote. Ndiyo maana Tanzania Yetu na Mateso aliwaita Chiute na Mkwama. Ndiyo maana Bagamoyo alijenga familia nzima ya waimbaji, na kundi la familia likaitwa hilohilo Chibite. Ni utaratibu wa soko la CD unaotaka jina moja kubwa kwenye jalada. Sisi mashabiki nasi tunafuata jalada, tunauliza "wimbo wake", "sauti yake", "kipaji chake", halafu waliomwitikia hatuwataji.

Na kati ya waliosahaulika, wa kwanza ni akina mama. Kwa desturi, zeze, marimba na kuanzisha wimbo vilikuwa vya wanaume, wanawake walikuwa wa kuitikia na kupiga mheme. Miaka yote ambayo mzee alikuwa anavuma, binti zake na wake wa nyumba ile walikuwa nyuma yake. Mwaka 2024 jambo likageuka. Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu yao, Maisha, kwa kampuni ileile ya Real World, kwa jina la The Zawose Queens. Wao ndio wanaanzisha, wao ndio wanaopiga. Ukiisikiliza baada ya Chibite utapata hisia ya ajabu, kana kwamba wale waliokuwa wanajibu wamegeuka na kuuliza wao.

Kabla yao, mwaka 2017, Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji, ambamo vyombo vya baba yake vimechanganywa na mitambo ya kisasa. Kwa hiyo nyie wa kambi ya Assembly nanyi mna ndugu, msilie.

NA SISI HUKU JUU?

Niseme ukweli ambao wengi hatupendi kuusema. Mgogo amezoea kutaniwa. Ukienda Dar ukisema unatoka Dodoma, kabla hujamaliza mtu ameshakunyooshea mkono, "naomba baba", na kicheko kinafuata. Utani ni utani, Wagogo wenyewe ni watani wakubwa, sikatai. Lakini nimesoma shule za mbali, na ninakumbuka siku ya ngoma za makabila nilivyojidai mimi ni wa "Dodoma mjini" nisije nikavalishwa njuga. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu na nilikuwa naionea aibu sauti ya bibi yangu. Wakati huohuo kuna watu Uingereza na Japan walikuwa wanalipa kiingilio kuisikia.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, mji umefurika. Makao makuu tuliyoahidiwa tangu 1973 sasa ni magorofa na foleni. Watu wa kila mkoa wamekuja, karibuni sana. Lakini mtoto anayezaliwa leo mjini hapa atakua anasikia Bongo Fleva, Singeli na Amapiano, na Kigogo atakisikia akienda msibani. Siyo kosa la Amapiano. Ni kwamba wimbo wa kuitikiwa hauhifadhiki kwenye flashi peke yake. Flashi inabeba sauti ya anayeanzisha. Anayeitikia lazima awe mtu hai.

Afadhali kuna wanaopambana. Pale Chamwino, tangu 2009, kuna tamasha la muziki wa Kigogo linalokutanisha vikundi vya vijijini, wazee kwa watoto. Kama uko Dodoma na hujawahi kwenda, nauli yake haifiki hata bei ya vocha unayomaliza kwa wiki.

BASI CHAGUA HIVI

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu.

Kama hujawahi kumsikia kabisa, anza na "Kuna Kunguni". Itakuingia bila kubisha hodi kwa sababu mdundo wake unaujua. Usiishie hapo.

Ukishaizoea sauti, nenda Chibite. Sikiliza kwa spika, siyo hedifoni. Wacha waliomo ndani wasikie.

Kisha rudi nyuma hadi Mateso, umsikie akiwa na wenzake. Jaribu kutofautisha nani ni nani. Ni kazi kidogo, lakini ukishaweza utaona raha yake.

Malizia na Maisha ya The Zawose Queens, uwasikie waliokuwa nyuma.

Na kama una uwezo wa kununua, nunua, usikopi. Familia bado ipo, inaishi kwa kazi hiyohiyo.

Halafu fanya jaribio moja. Kama una mzee yeyote wa Kigogo karibu, bibi, babu, mama muuza karanga, mwekee wimbo halafu nyamaza. Ule atakaouitikia, huo ndio mkali. Usibishane naye. Yeye alikuwemo kwenye wimbo huo kabla haujarekodiwa.

Mnauliza mimi nimechagua upi? Nimeshahama kambi. Wangu ni ule aliouitikia bibi, wa tatu kuuweka siku ile, na mdundo wake kwangu utabaki kuwa ndoo ya plastiki. Wiki iliyopita nimemwomba anifundishe sehemu yangu. Ameniambia naimba kama mbuzi aliyefungwa vibaya, lakini nirudi Jumamosi.

Haya wadau, uwanja wenu. Wa Mateso, wa Chibite, wa Assembly, na nyie mlimwona kwa macho mnaoringa, leteni chaguo lenu na sababu. Na kama kuna aliyewahi kusimama nyuma ya mzee akiitikia, huyo ndiye ninayemsubiri kuliko wote.

Heshima mbele. Mbukwenyi tena.